Barua ya wazi kwa wasimamizi wa maji ya Bonde la Pangani: pimeni floraidi kabla ya kufunga pampu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji. Wajumbe wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Mameneja wa RUWASA (wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini) na wa mamlaka za maji katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Tanga. Waheshimiwa wabunge na madiwani wa bonde hili.

Nawasalimu kwa heshima.

Nina ombi moja, na nalitaja mapema ili anayesoma kwa haraka asilikose. Kisima kirefu kisifungwe pampu wala kuunganishwa na bomba la kijiji kabla floraidi yake, chumvi ya mwamba inayoharibu meno na mifupa ikizidi, haijapimwa na namba yake haijajulikana. Ikishajulikana, iandikwe pale pale watu wanapochotea. Na namba zote mlizonazo tayari kwenye mafaili ya visima vya zamani, ziwekwe hadharani, kijiji kwa kijiji.

Najua mtaniambia kupima ubora wa maji kumo kwenye taratibu. Kumo, sibishi. Shida yangu ni kipimo hicho kinakuja saa ngapi, na kikija kina nguvu gani. Majibu ya maabara yakifika wakati tenki limeshajengwa, mabomba yameshafukiwa na tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa, hayabadilishi uamuzi wowote. Yanakuwa karatasi ya kuambatanisha kwenye ripoti.

Nimesomea jiolojia, na nimelelewa kwenye miteremko ya Mlima Meru. Meno yangu yana madoa ya kahawia, kama ya wengi niliokua nao. Simlaumu mtu kwa hayo. Maji yale hayakuchafuliwa na kiwanda wala na mkulima. Yalitoka yalivyotoka kwa sababu ya mwamba. Ndiyo maana nawaomba mvumilie nieleze kidogo kuhusu mwamba huo, kwa kuwa naamini uamuzi wa kuchimba wapi na kwa kina gani ni uamuzi wa kikemia kabla haujawa wa kihandisi.

Maji ya mvua yakidondoka hayana floraidi ya maana. Yakipenya udongo yanabeba hewa ya kaboni inayotolewa na mizizi na majani yanayooza, na kwa hiyo yanakuwa na uasidi hafifu. Uasidi huo ndio unaokula mwamba. Miamba ya Meru ilitokana na volkano yenye sodiamu nyingi kupita kiasi cha kawaida, na ndani yake kuna madini yanayohifadhi floraidi: apataiti, maika nyeusi, na majivu laini ya volkano ambayo huachia chumvi zake upesi. Maji yanavyozidi kuumega mwamba huo, uasidi unaisha na yanageuka kuwa ya magadi. Sodiamu inaongezeka, bikaboneti inaongezeka, floraidi nayo inaachiliwa kidogo kidogo.

Hapo ndipo kalisiamu inapoingia, na naomba tukae hapa kidogo. Floraidi na kalisiamu zikikutana kwa wingi ndani ya maji huungana zikawa jiwe, na jiwe hilo hutuama. Kwa maneno mengine, maji yenye kalisiamu ya kutosha yana breki ya asili: floraidi haiwezi kupanda bila kikomo. Katika maji ya magadi kalisiamu ni chache tangu mwanzo, na hata hiyo chache huondoka kwa njia mbili. Nyingine huungana na bikaboneti ikawa chokaa, nyingine hunaswa na udongo wa mfinyanzi unaoachia sodiamu badala yake. Breki imekatika. Kuanzia hapo floraidi inapanda kadiri maji yanavyokaa ndani ya mwamba, kama chai inavyokolea kadiri majani yanavyoachwa ndani ya birika.

Kutokana na hilo, mwananchi wa kawaida anadanganywa na macho yake, na ulimi wake, na hata sabuni yake. Maji yenye floraidi nyingi upande wetu mara nyingi ni maangavu, hayana harufu, na kwa kuwa hayana kalisiamu, sabuni inatoa povu zuri na nguo zinatakata. Watu huyapenda. Maji ya kisima kingine yanayoacha magamba meupe kwenye birika na kuifanya sabuni igome ndiyo hulalamikiwa kwenye mikutano ya kijiji, ilhali magamba yale ni kalisiamu, na mara nyingi ndiyo yenye afadhali kwa floraidi. Sisemi kila maji magumu ni salama. Nasema povu na ladha si kipimo. Kuchemsha nako hakusaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi inabaki ndani ya sufuria, na maji yakipungua kwa mvuke, kilichobaki kinakuwa kikali zaidi. Klorini haiigusi. Mama anayechemsha maji ya mwanawe kila siku kwa uangalifu, kama alivyofundishwa kliniki, anafanya jambo sahihi dhidi ya kuhara na hapati kinga yoyote dhidi ya floraidi. Nani amewahi kumwambia?

Waheshimiwa, mnajua kisima kinavyochimbwa, lakini wapo wananchi watakaosoma barua hii ambao hawajawahi kusimama karibu na mtambo. Kila baada ya mita chache, vumbi na vipande vya mwamba vinavyopulizwa juu hukusanywa na kupangwa chini, mafungu mafungu kwa mstari, ili mtaalamu asome tabaka lililopitiwa. Fungu moja ni la kijivu, jingine jekundu la udongo uliooza zamani, jingine ni majivu mepesi yanayosagika kati ya vidole. Kisha kwa ghafla maji yanaruka juu, tope kwanza, halafu meupe. Akina mama wanapiga vigelegele, watoto wanakimbilia matone, mwenyekiti wa kitongoji anapiga simu. Nimesimama kwenye tukio kama hilo na furaha yake ni ya kweli, kwa sababu kuna watu waliobeba ndoo maisha yao yote. Lakini kinachoulizwa wakati huo ni kimoja: kinatoa lita ngapi kwa saa? Kisima kinapimwa wingi kwa saa nyingi mfululizo kwa pampu ya majaribio, na huo ni utaratibu mzuri. Maji hayo hayo yanayomwagika kwenye majani wakati wa jaribio yangetosha kujaza chupa ndogo ya sampuli, na kipima floraidi cha kubebeka kingetoa jibu la awali siku hiyo hiyo, mtambo ukiwa bado uko kijijini na mfuko wa mradi ukiwa bado una kitu.

Mafungu yale ya vumbi nayo yana kazi zaidi ya kuandikwa kwenye fomu. Ukiona kisima kimepita kwenye tope la kale la volkano na majivu, una sababu ya kuwa na wasiwasi kabla hata ya maabara kusema. Upande wa mashariki wa Meru uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, na kifusi chake kikatapakaa kuelekea Momella na kwingineko. Maziwa ya Momella yamekaa juu ya kifusi hicho. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 kuhusu maji ya kaskazini mwa Tanzania ulikuta mamia ya miligramu za floraidi kwa lita katika maziwa na madimbwi ya magadi ya eneo hili, huku mito na chemchemi zikiwa na makumi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Vijiji vya Maji ya Chai, Ngarenanyuki na Oldonyosambu vimetajwa kwenye maandishi ya wataalamu kwa miaka mingi. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema tulikuwa gizani.

Bonde zima halifanani, na hili ni la kutia moyo. Chemchemi za juu mlimani, ambako mvua ni nyingi na maji yamekaa muda mfupi tu ndani ya mwamba, mara nyingi huwa na floraidi ndogo kuliko visima vya chini kwenye tambarare. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro ina chemchemi nyingi zenye maji mepesi. Ukishuka Upare na Usambara unakuta mwamba mwingine kabisa, wa kale mno, uliopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi. Huko malalamiko ya tambarare ni chumvi na ugumu zaidi. Tanga kuna mawe ya chokaa, yale yale yaliyochongwa na maji yakawa mapango ya Amboni, na karibu na mdomo wa Mto Pangani hofu ni maji ya bahari kuingia. Bonde moja, sheria moja, bodi moja iliyoanza kazi mwaka 1991, lakini maji ya aina nyingi. Mpango unaodai vipimo vile vile kwa uzito ule ule kila mahali unatupa fedha Lushoto na kuzinyima Arumeru.

Kuna suala la kina ambalo linanikosesha raha zaidi kuliko yote. Mahitaji yanaongezeka, vyanzo vya juu vinapungua au vinagombaniwa, na jibu letu limekuwa kuchimba, kisha kuchimba zaidi chini. Maji ya chini zaidi kwa kawaida ni ya zamani zaidi. Yamekaa na mwamba kwa muda mrefu, breki ya kalisiamu imeshakatika kitambo. Kisima kilichokuwa na namba nzuri kinapovutwa kupita kiasi kinaweza kuanza kuita maji kutoka tabaka la chini, na namba ya mwaka wa uzinduzi ikawa haisemi kweli tena. Kipimo cha mara moja hakitoshi. Walau mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi na mwisho wa masika, kwa visima vyote vilivyoko kwenye miamba ya Meru na pembezoni mwake, hata vile ambavyo maji yake yanatiririkia nje ya bonde.

Kuhusu mwili nitasema machache, kwani madaktari wameshasema. Jino la mtoto huharibika wakati linajengeka ndani ya ufizi, katika miaka ya mwanzo hadi takriban minane. Madoa yakishaingia hayaondoki kwa mswaki. Floraidi ikiwa nyingi zaidi na kwa miaka mingi, inaingia mifupa: viungo vinakakamaa, mgongo unagoma kuinama, na kwa watoto wengine miguu inapinda. Kwenye nchi ya joto watu hunywa maji mengi, kwa hiyo hata kiwango kinachoonekana kidogo kinajumlishwa. Kijana anayeziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka hayuko kwenye takwimu yoyote ya hospitali. Nimewaona wengi, na nimewahi kuwa mmoja wao.

Nchi yetu imejiruhusu mengi katika jambo hili. Mwaka 1974 kiwango cha muda kwa maji ya vijijini kiliwekwa miligramu 8 kwa lita. Baadaye tukashuka hadi 4, na sasa tunazungumza lugha moja na dunia: 1.5. Waliokubali 8 hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na chaguo kati ya maji yenye floraidi na kukosa maji, na kipindupindu hakisubiri. Naelewa uzito wa chaguo hilo hata leo. Lakini kiwango kikishaandikwa 1.5, mwananchi ana haki ya kujua maji yake yako wapi kwenye mstari huo, hasa pale ambapo bado hatuwezi kuyafikisha hapo.

Hoja ninayoisikia mara kwa mara ni kwamba kutangaza namba kutaleta taharuki: watu watakimbilia mito yenye vijidudu. Naiheshimu hoja hii, na jibu langu ni kwamba namba ije na maelekezo. Floraidi haidhuru kwa kufulia, kuoga au kuchanganyia saruji. Kinachohitaji maji yenye namba nzuri ni kunywa na kupika, na kwa hayo mtu mmoja hahitaji zaidi ya lita chache kwa siku. Kaya ya watu sita inaweza kujitosheleza kwa ndoo moja na nusu ya lita ishirini. Ukilitazama hivyo, tatizo lililoonekana kubwa kuliko bajeti linapungua. Si lazima kusafisha maji yote ya kijiji. Kinachotakiwa ni chanzo kimoja kidogo kilicho salama, na watu waambiwe kipi ni kipi. Bango la bati lenye maneno mawili, "ya kunywa" na "ya matumizi mengine", pamoja na namba na tarehe ya kupimwa, haligharimu kitu ukilinganisha na pampu.

Njia za kuipata ndoo hiyo zipo, na nyingine zimezaliwa hapa hapa. Maji ya mvua ya paa la shule au zahanati ndiyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa hayajaugusa mwamba. Kuchanganya maji kunafaa pale penye vyanzo viwili: lita moja yenye miligramu 5.5 ikichanganywa na lita nne zenye 0.5, mchanganyiko unatoka na 1.5. Ni hesabu ya darasa la saba, lakini haiwezi kufanyika bila namba za vyanzo vyote viwili. Mkaa wa mifupa unaofanyiwa utafiti katika kituo cha Wizara cha Ngurdoto unanasa floraidi vizuri ukichomwa kwa joto sahihi. Ukichomwa vibaya maji yananuka na watu wanaukataa, na ukishajaa hauchuji tena hata kama maji bado yanapita. Kwenye Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, Dkt. Askwar Hilonga alitengeneza chujio lililoshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Tunao watu. Tusichokuwa nacho ni utaratibu wa kumkabidhi mtu jukumu la kubadilisha mkaa uliojaa, kupima maji yanayotoka kwenye chujio na kuandika tarehe. Mitambo mingi midogo hufa kwa sababu hiyo, si kwa sababu kemia yake ilikosewa.

Nisisahau magadi. Kwenye kaya nyingi za kaskazini magadi ya kuokota ndiyo hulainisha maharage na kande, na magadi hayo yametoka kwenye udongo na maziwa yale yale yenye floraidi nyingi. Unaweza kumletea mtu maji yenye namba nzuri, naye akairudisha floraidi kwenye sufuria kwa kijiko. Hapa Wizara ya Maji peke yake haitoshi. Wataalamu wa lishe na wahudumu wa afya ngazi ya jamii waingizwe tangu mwanzo, na wazungumze na wapishi kwa staha, kwani magadi yanaokoa kuni na muda, na asiye na kuni za kutosha hawezi kuambiwa tu aache.

Na wa chini ya mto wana haki ya kuuliza maswali ya juu. Mto Kikuletwa hukusanya maji ya Meru na ya Kilimanjaro, Mto Ruvu wa huku Kilimanjaro huleta ya kwake, yote yanaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu. Mradi wa Same, Mwanga na Korogwe unachota bwawani humo. Sisemi maji hayo ni mabaya. Mchanganyiko huenda ndio unaowasaidia. Nasema wananchi wa Mwanga wanapaswa kuweza kufungua ukurasa mmoja na kuona floraidi ya Kikuletwa, ya Ruvu na ya bwawa, msimu kwa msimu, bila kumwandikia mtu barua na kusubiri muhuri. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliwapa bodi za mabonde kazi ya kusimamia rasilimali hii kwa niaba ya umma. Takwimu ni sehemu ya rasilimali.

Kwa hiyo, kwa Bodi: kibali cha kuchimba katika maeneo ya miamba ya Meru kiambatane na sharti la kuleta kipimo cha floraidi cha siku ya jaribio la pampu, na kibali cha kutumia maji kisitoke bila hicho. Kisima kikipatikana na namba mbaya kiandikwe na kuchorwa kwenye ramani, kisizikwe kimyakimya, kwa sababu kisima kilichoshindwa kinamfundisha anayechimba kijiji cha pili. Kwa RUWASA na mamlaka za maji: bango, namba, tarehe, na kumbukumbu ya vichujio ikaguliwe pamoja na mahesabu ya vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii. Kwa Mheshimiwa Waziri: kazi ya kumtua mama ndoo kichwani imefika mbali na tunaiona. Naomba kwenye taarifa ya bajeti, pembeni ya idadi ya visima vilivyochimbwa, iwekwe safu ya pili: vingapi kati yake viko ndani ya miligramu 1.5. Wabunge wetu waiulize safu hiyo isipokuwepo.

Pa kuanzia ni shule za msingi na za awali zilizoko kwenye miteremko ya Meru. Mtoto aliyeingia darasa la awali mwaka huu, meno yake ya mbele ya kudumu bado hayajatoka, na mengine nyuma yake bado yanajengeka. Matanki ya mvua kwenye shule hizo, na kipimo cha kila bomba lililoko uwanjani, ni kazi inayoweza kupangwa ndani ya mwaka mmoja wa fedha. Orodha ya shule na ya vyanzo vyake mnayo ninyi.

Nawashukuru kwa kusoma.

Mkazi wa Bonde la Pangani,
Arumeru